Aliye Juu Mngoje Chini

Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho jua, ndege na mchukuzi wanakitumia kwa ushirika. Jua linapomaliza safari yake ya mchana husemwa limetua. Ndege inapogusa ardhi husemwa imetua. Na mchukuzi anapouteremsha mzigo kutoka kichwani husemwa ameutua. Katika shina hilo hilo tumepata kituo, utulivu na kutulizana. Mtu mwenye desturi ya kukaa jioni kwenye pwani ya magharibi ya Unguja, baina ya Mazizini na Chukwani, huyaona yote matatu kwa wakati mmoja: mbele yake jua linateremka baharini, nyuma yake ndege zinashuka na kupaa, na pembeni mwake wavuvi wanatua vikapu na nyavu mchangani. Hakulipa kiingilio, wala hakuna aliyemwalika. Hata hivyo, nadhani mandhari hiyo inamwuliza suali, na suali hilo ni la kimaadili kabla halijawa la uzuri.

Suali lenyewe ni hili: aliye juu na aliye chini wanadaiana nini? Mimi sikusoma falsafa darasani. Nimejifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kazi ya kutafsiri, kazi ambayo humlazimisha mtu kuliuliza kila neno limetoka wapi na linakwenda wapi. Kwa hivyo msomaji asishangae nikianza na mambo yanayoonekana kwa macho, kisha nikayafuata maneno yanakonipeleka.

Uwanja wetu wa ndege, ambao wazee wengi wameuzoea kwa jina la Kisauni na ambao tangu mwaka 2010 unaitwa kwa jina la Abeid Amani Karume, una njia moja ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya mita 3,000. Njia hiyo imelala kaskazini kwa kusini, sambamba na pwani. Kwa sababu hiyo, pepo zile zile zilizokuwa zikiongoza majahazi ndizo zinazoongoza ndege. Wakati wa kusi, ndege kwa kawaida hutokea upande wa mji na kutua zikielekea kusini. Wakati wa kaskazi hutokea kusini na kutua zikielekea mji. Tafauti ni moja tu, na inafaa kuzingatiwa. Nahodha wa jahazi huusubiri upepo umsukume kwa nyuma; rubani huutafuta umpige usoni. Jahazi husafiri kwa kukubaliana na upepo, ndege hupaa kwa kuukabili. Tumehama kutoka safari ya kungoja msimu hadi safari ya kungoja saa, na pengine hapo ndipo tulipoanza kuwatazama wasafiri kwa jicho jengine. Zamani msafiri na mwenyeji walikuwa wafungwa wa upepo mmoja. Leo mmoja ana tiketi na mwengine hana.

Ama jua, lenyewe halina haraka wala ahadi za uongo. Kwa kuwa tuko karibu na mstari wa ikweta, saa ya kutua kwake haibadiliki sana kwetu. Mwaka mzima inacheza ndani ya muda wa kiasi cha nusu saa, baada ya saa kumi na mbili jioni. Likishagusa maji, duara zima huzama kwa dakika mbili na kidogo. Wataalamu wa falaki wanatufundisha jambo jengine, la ajabu zaidi: hewa huupinda mwanga, na pale tunapoliona jua limegusa bahari kwa ukingo wake wa chini, kwa hesabu duara lote limeshapita chini ya mstari wa upeo. Maana yake ni kwamba tunachokitazama kwa dakika zile mbili ni jua lililokwisha kuondoka. Lakini mwadhini hasubiri hesabu ya mwanga uliopindika, wala haitangulii. Yeye na mfungaji wamekalifishwa kwa kile ambacho jicho la binadamu linakiona kutoka pale aliposimama. Sheria imemhurumia mtu kwa kumhukumu kwa upeo wake.

Nimelitaja neno upeo, na hapo ndipo pa kusimama kidogo. Lugha yetu inapotaka kuutaja ule mstari ambapo mbingu na bahari hukutana husema upeo wa macho. Haikuunasibisha mstari huo na ardhi wala na bahari, bali na macho ya anayetazama. Nayo ilisema kweli. Mtu aliyesimama mchangani upeo wake uko umbali wa kiasi cha kilomita 5. Abiria aliye katika ndege kubwa, mita 11,000 juu ya kichwa cha yule yule wa mchangani, upeo wake uko umbali wa kiasi cha kilomita 375. Kwa hivyo jua likishatua kwa wa chini, wa juu huendelea kuliona kwa karibu robo saa. Wote wawili wako juu ya kisiwa kimoja, katika dakika moja, na jua ni moja. Machweo ndiyo mawili.

Jambo hili si la mafumbo tu, lina hukumu. Wanavyuoni wamelijadili tangu watu walipoanza kusafiri kwa ndege katika mwezi wa Ramadhani, na jawabu lao linafahamika: abiria anayeliona jua hafuturu, hata kama anajua kwa yakini kwamba watu wa mji ulio chini yake wamekwisha kufuturu. Mwezi wa Agosti 2011 mufti mkuu wa Dubai aliwaeleza wakaazi wa Burj Khalifa, jengo lenye urefu wa mita 828, kwamba walio ghorofa ya 80 na kwenda juu wangoje dakika mbili baada ya watu wa chini, na walio juu ya ghorofa ya 150 wangoje dakika tatu. Watu wengine waliicheka habari hiyo. Mimi niliiona ni mojawapo ya kauli za busara kubwa zilizotolewa kuhusu majengo marefu. Aliyenunua nyumba ya juu amenunua mwanga zaidi, na pamoja na mwanga huo amenunua njaa zaidi. Urefu unamwongezea kuona, na kwa sababu anaona, unamwongezea wajibu. Bawabu wa mlangoni anakula tende yake kwanza. Mwenye ghorofa ya juu anangoja.

Hebu sasa tuiweke hukumu hiyo kando ya methali yetu mashuhuri: aliye juu mngoje chini. Methali hii hatuitamki kwa upole. Huimba kwenye kanga, hutupiwa jirani aliyejenga, hutupiwa kijana aliyepata cheo, hutupiwa aliyerudi kutoka ng'ambo na mabegi mapya. Maana yake iliyozoeleka ni kwamba huko juu hutokaa, utaanguka, na sisi tupo hapa tunakusubiri uanguke. Ni faraja ya aliyebaki, nami siwezi kuidharau, kwa kuwa aliyebaki mara nyingi hana faraja nyengine. Lakini ni faraja yenye sumu. Mtu anayekaa pwani jioni baada ya jioni akiziangalia ndege kwa methali hiyo moyoni, jua litamtulia mbele yake na yeye mwenyewe asitue. Mzigo wake ataurudisha nyumbani kichwani vile vile.

Hukumu ya machweo inatupa mpango mwengine wa mambo. Methali inamwambia wa chini angoje. Sheria inamwambia wa juu angoje. Katika methali, kungoja ni silaha ya mnyonge. Katika hukumu, kungoja ni deni la mwenye nafasi. Ningependa tulifikirie hilo kila tunapowaona wenzetu waliofika mbali kwa elimu, kwa mali au kwa safari, wakikereka kwamba walioachwa nyuma wanakwenda taratibu. Anayeona mbali ndiye anayepaswa kuwa na subira ndefu zaidi, kwa sababu wa chini hakuzembea. Ametii kikamilifu kile ambacho upeo wake ulimwonyesha.

Kuna mas-ala mengine madogo yanayolikamilisha hili. Chukulia ndege inayopaa muda mfupi baada ya magharibi. Abiria alikuwa amekaa ukumbini, jua likatua, adhana ikasikika, naye akafuturu kwa tende na maji. Kisha ndege ikapaa, na alipotupa jicho dirishani akaliona jua limechomoza tena, tena kutoka magharibi, jambo ambalo sote tumefundishwa tangu chuoni kulihesabu miongoni mwa dalili za Kiyama. Je, futari yake imebatilika? Wanavyuoni wanasema la. Aliifungua saumu yake kwa haki, pale alipokuwa, kwa jua alilolijua. Mwanga alioupata baadaye haumrudishi nyuma.

Naomba msomaji alitafakari hilo nje ya fiqhi pia. Wangapi kati yetu tumepaa, kwa ndege au kwa kitabu, tukaona nuru ambayo wazazi wetu hawakuiona, kisha tukageuka kuwahukumu kwa nuru hiyo? Tunawauliza kwa nini waliuza shamba kwa bei ile, kwa nini hawakumpeleka binti skuli, kwa nini walinyamaza siku ambayo sisi, kwa kitako, tunadhani tungesema. Sisemi kwamba makosa ya wazee si makosa. Nasema kwamba kuna tafauti kubwa baina ya aliyefuturu hali ya kuwa jua analiona, na aliyefuturu hali ya kuwa kwake limetua. Wa kwanza amevunja amana, wa pili ameitimiza. Mtoto aliyepanda juu zaidi ana haki ya kuona zaidi, lakini hana haki ya kuibatilisha futari ya baba yake.

Hapa atatokea mwenye kuuliza: ikiwa kila mtu ana machweo yake, si ndiyo tumefika pale pa kila mtu na lake, kwamba ukweli ni wa kila mmoja kwa apendavyo? Hapana. Sharti ni moja kwa wote: usifungue mpaka jua litue mbele yako. Kinachotafautiana ni dakika. Tena, upeo si pazia. Aliyejifungia chumbani na kushusha mapazia hawezi kudai kwamba kwake magharibi imeingia. Upeo ni pale jicho linapokoma baada ya kutazama kwa juhudi zake zote. Pazia ni pale mtu alipolikomesha jicho lake kwa makusudi. Wengi wa wanaojitetea leo kwa kusema huo ndio mtazamo wao wanatuonyesha mapazia yao na kuyaita upeo. Kabla ya kumheshimu mtu kwa upeo wake tuna ruhusa ya kumwuliza, kwa adabu, kama ametoka nje.

Pwani ya Mbweni ina ushahidi wake katika mjadala huu. Mwaka 1871 wamisionari wa Kiingereza walinunua ardhi pale, na katika miaka iliyofuata, soko la watumwa la Unguja likiwa limefungwa mwaka 1873, waliwaweka hapo watu waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Ilijengwa skuli ya wasichana, ambayo magofu yake yangalipo, na kanisa la Mtakatifu Yohana. Watu wale wengi asili yao ilikuwa bara. Jioni, waliposimama kwenye pwani ile, jua lilikuwa likitua upande wa nchi walikoibiwa. Kwetu sisi tuliozaliwa hapa magharibi ni wakati na ni swala. Kwao ilikuwa ni nyumbani kusikofikika. Katika lugha ya Kiarabu, tulikolichukua neno magharibi, shina lake ndilo lililozaa neno la ugeni, nasi tumelirithi katika ushairi wetu wa kale tunapomwita mgeni gharibu. Jua linalokwenda magharibi ni jua linalokwenda ugenini. Sijui lugha gani ingeweza kuitaja hali ya watu wale kwa ufupi kuliko hivyo. Walikuwa wametuliwa mzigo wa minyororo, na bado hawakuwa wametua.

Nawataja kwa sababu uzuri wa machweo unaweza kutusahaulisha kwamba mstari ule mwekundu kwa mwengine ni jeraha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 walikuwapo waliokiona kisiwa hiki kikitoweka nyuma yao, kwa chombo au kwa ndege, na wengi hawakurudi. Na leo wanaondoka vijana kwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba, wakiwamo wasichana wanaokwenda kulea watoto wa wenzao. Katika kila ndege inayopaa, yumo anayeondoka kwa furaha na yumo anayeondoka kwa dhiki, na kutoka chini mngurumo wao ni mmoja.

Aidha, pana kubadilishana kwa macho kunakochekesha kidogo na kuhuzunisha zaidi. Mgeni kutoka Ulaya hukata maelfu ya kilomita ili akae kwenye kiti cha ukindu alitazame jua letu likizama. Kijana wa Kiembesamaki aliyezaliwa nalo jua hilo hulipa mgongo, akaitazama ndege iliyomleta mgeni. Kila mmoja anakitazama kile ambacho mwenziwe anakihesabu kuwa cha kawaida. Wa kwanza amelipa apate kuona. Wa pili anaona bila ya kulipa, lakini hana cha kulipia apate kwenda. Hatuwezi kuuficha udhalimu uliomo katika mizani hiyo kwa kusema kwamba jua ni la wote. Ni la wote, naam. Lakini mmoja ana hiari ya kuliacha na kulirudia, na mwengine hana, na hiari hiyo ni sehemu ya utamu wa kutazama. Anayekaa kwa sababu amechagua na anayekaa kwa sababu mlango umefungwa hawakai namna moja, hata wakiwa wamegusana mabega.

Basi aliyebaki atazame vipi bila ya kuingiwa na husuda, na bila ya kujidanganya kwamba hana tamaa? Jawabu la karibu kabisa na ukweli nililipata kwa mzee mmoja mvuvi wa upande wa Mazizini, ambaye kila ndege inaposhuka hutaja jina la Mola na kushukuru kwa sauti ndogo, kama anayepokea barua. Siku moja nilimwamkia, na baada ya marahaba yake nikamwuliza: "Mzee wangu, kuna unayemtarajia leo?" Akajibu bila ya kuacha kushona wavu: "Mwanangu yuko Maskati, mwaka wa sita huu. Sijui atarudi na ipi. Basi nazipokea zote."

Maskati iko mashariki yetu, na mwaka mzima jua hutua huko kabla halijatua hapa: kwa zaidi kidogo ya dakika 20 katika mwezi wa Juni, na kwa saa mbili na zaidi katika mwezi wa Disemba. Kwa hivyo wakati baba anapolitazama jua, mwana ameshaingia usiku wake. Hawalitazami jua moja kwa dakika moja, wala mzee hadai hivyo. Anachokifanya ni kuzipa ndege zote heshima ya yule mmoja asiyejua yumo ipi. Akili ya hesabu itamwambia kwamba nyingi kati ya ndege anazozishukuria zimebeba watu wasiomhusu. Lakini hilo ndilo linaloifanya shukurani yake iwe ya kimaadili, isiwe ya ubaba peke yake. Upendo wake kwa mmoja aliye mbali umemfundisha adabu kwa wengi wasiomjua.

Kiswahili, ambacho kina kuona, kutazama, kukodoa na kuchungulia, kina pia kuangalia. Na kuangalia, tunajua sote, ni kutazama na pia ni kutunza. Twamwangalia mgonjwa, twamwangalia mtoto, twaliangalia shamba la ndugu aliyesafiri. Mtu anaweza kuitazama ndege kwa kuikodolea, na anaweza kuiangalia. Jicho ni lile lile.

Kwa maoni yangu, basi, methali yetu haina haja ya kufutwa kwenye kanga. Ina haja ya kusomwa upya. Aliye juu mngoje chini: mngoje kama watu wanavyongoja nje ya ukumbi wa wanaowasili, macho mlangoni, mtoto kabebwa begani ili naye apate upeo mrefu zaidi. Hakuna ndege isiyoshuka, na kila aliyepaa anahitaji mtu chini ambaye kungoja kwake si mtego. Naye aliye juu, anapoliona jua ambalo wenziwe hawalioni tena, asiwapigie kelele kwamba mchana bado. Angoje. Robo saa si nyingi, na giza litakalomfikia ndilo lilelile lililowafikia wao, pale watu watakapokuwa wametua pamoja.